Chumba Chenye Upana wa Mkoko

Upana wa chumba katika nyumba ya kale ya Lamu haukupangwa na mwenye nyumba, wala haukupangwa na fundi. Ulipangwa na mkoko. Boriti ya mkoko ikilazwa kutoka ukuta hadi ukuta hubeba dari nzito ya mawe na chokaa bila kupinda kwa mita mbili na nusu hivi, tatu ukibahatika. Ukizidisha hapo dari inaanza kulegea. Ndiyo maana vyumba vya Lamu, Pate na Siyu ni virefu na vyembamba. Tajiri aliyetaka ukumbi mpana hakuupata hata akimwaga fedha. Alichoweza ni kuongeza chumba kingine chembamba nyuma ya kile cha kwanza, halafu kingine.

Si huku tu. Nyumba za kale za Kuwait, Bahrain na Oman nazo zina vyumba vyembamba, kwa sababu hiyohiyo na kwa miti hiyohiyo. Kule miti ya kujengea ni haba, kwa hiyo majahazi yalishuka na kaskazi yakiwa na tende na chumvi, yakapanda na kusi yakiwa yamejaa boriti zilizohesabiwa kwa korija, ishirini ishirini. Mwaka 1938 baharia na mwandishi wa Australia, Alan Villiers, aliingia katika vyombo vya Waarabu na kusafiri navyo hadi mwaka uliofuata. Chombo kimojawapo, Bayan cha Kuwait, kilifika mpaka delta ya Rufiji kupakia boriti, na safari hiyo aliieleza katika kitabu chake Sons of Sindbad cha mwaka 1940. Mtu aliyelala chali ndani ya nyumba ya Kuwait siku zile alikuwa akitazama msitu wa Rufiji au wa Lamu, ajue asijue.

Naanza na boriti kwa makusudi. Siku hizi ukifungua jarida lolote la usanifu utaambiwa kwamba nyumba nzuri lazima iziamshe hisi zote na imrudishe binadamu kwa maumbile: mwanga wa jua, upepo, maji yanayosikika, mti unaoonekana dirishani. Wana na neno lake, baiofilia, lililoenea baada ya mwanabiolojia Mmarekani Edward O. Wilson kutoa kitabu chake Biophilia mwaka 1984. Mwaka huohuo Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science utafiti mdogo uliokuja kuwa maarufu: katika hospitali moja ya Pennsylvania, wagonjwa wa upasuaji ambao dirisha lao lilitazama miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema zaidi, na walitumia dawa kali za maumivu kwa uchache, kuliko wenzao waliotazama ukuta wa matofali.

Sina ugomvi na hayo. Ninachokitilia shaka ni ile tabia ya kuzisimulia nyumba za pwani yetu kana kwamba ni ushahidi wa zamani wa wazo hilo jipya, kwamba wazee wetu walikuwa na hekima, wakaishi na upepo, basi. Walikuwa na hekima, ndiyo. Lakini ubaridi wa nyumba ya mawe ulikuwa na bei, na waliolipa bei hiyo kwa kawaida hawakulala ndani yake.

Kwanza tuingie ndani, maana nyumba yenyewe inastahili.

Unaanzia dakani. Daka ni kibaraza chenye paa mbele ya mlango, kina benchi za mawe kulia na kushoto, na hapo ndipo mwenye nyumba alipokaa na wanaume wenzake bila kuwasumbua walio ndani. Unapiga hodi. Ukikaribishwa unapita mlango wa mbao uliochongwa na kuingia tekani, kijichumba cha kupitia kinachopinda, hata mpita njia akichungulia asione kitu. Ukishapinda unatokea kiwandani, uani palipo wazi juu, na ghafla una mbingu tena. Mtu ametoka barabara nyembamba yenye kivuli, akapita giza, akatokea kwenye mwanga mkali. Macho yanashtuka. Mvua ikinyesha inanyesha ndani ya nyumba, na harufu ya chokaa iliyolowa inapanda.

Mbele ya kiwanda kuna msana wa tini, nyuma yake msana wa yuu, na nyuma kabisa ndani. Tini na yuu ni Kiamu. Sisi wengine tungesema chini na juu, na kweli kila chumba kimeinuliwa kidogo kuliko kilichotangulia. Madirisha ya kutazama barabara ni machache mno au hayapo. Mwanga wote unatoka kiwandani, na kila unapopanda hatua unapungua, kama tui: la kwanza zito, la pili jepesi, la tatu maji yenye rangi tu. Kufika ndani, chumba cha mwanamke mwenye nyumba, mwanga umebaki wa kupapasa. Hapo ndipo palipojengwa zidaka, ukuta mzima wa vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu na kuchongwa nakshi. Zilizo nzuri zaidi ni za karne ya 18. Ndani ya vishubaka ziliwekwa sahani na bakuli za kaure kutoka China, misahafu, vitu vya thamani. Kaure ina mng'ao wake, nayo chokaa nyeupe iliyosuguliwa hairuhusu mwanga upotee bure. Chumba chenye giza kikapata kina ambacho vipimo vyake havikuwa nacho.

Kuta zina unene wa karibu nusu mita. Zinachelewa kupata joto na zinachelewa kulitoa. Ukiweka kiganja juu yake saa nane mchana, jua likiwa limepamba moto nje, unahisi ubaridi kama wa mtungi. Kiwanda nacho kinafanya kazi ya dohani: hewa ya moto inapanda na kutoka, ya baridi inavutwa kutoka vichochoroni. Vichochoro vyenyewe ni sehemu ya mtambo huo. Njia kuu ya mji wa kale, Usita wa Mui, inafuata ufuko, na vijia vinavyoikata vinateremka kuelekea baharini, vinashusha maji ya mvua na kupandisha upepo. Vimebanwa na kuta ndefu, kwa hiyo jua linavifikia kwa muda mfupi tu.

Halafu pua. Asumini kitandani na kwenye nywele, mrihani, udi ndani ya chetezo kilichopitishwa chini ya nguo na chini ya kitanda. Halafu maji: chooni kulikuwa na birika la chokaa, na ndani yake vilifugwa visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Napenda sana habari hii ya visamaki. Katika nyumba ambayo mwanamke muungwana alikuwa hatoki mchana, kulikuwa na viumbe hai vikiogelea hatua chache kutoka kitandani, na vilikuwa na kazi.

Hilo la kutotoka lisemwe waziwazi. Nyumba hii ilikuwa ya mwanamke kwa maana mbili zinazovutana. Miongoni mwa waungwana wa Lamu ilikuwa desturi baba kumpa binti nyumba anapoolewa, na mume ndiye aliyehamia. Kama kiwanja hakikutosha, nyumba ya binti ilijengwa juu, au chumba kikavushwa juu ya kichochoro. Kivuko hicho huitwa wikio, na mpaka leo unapita chini yake. Kupitia wikio na darini, wanawake walitembeleana bila kukanyaga barabara. Walipolazimika kutoka, enzi hizo, waungwana walizungushiwa shiraa, hema la kitambaa lililobebwa na watumwa wao wa kike. Kwa hiyo ile mbingu ya kiwandani, ile mvua ya ndani, ile asumini, kwa mwanamke wa nyumba hayakuwa mapambo. Mchana, yeye hakuwa na maumbile mengine ya kuyafikia. Na waliobeba shiraa walikuwa na jua lote la dunia, ila walikuwa hawana nyumba.

Sasa tuhesabu gharama.

Mawe ya ukuta yalichimbwa ardhini, matumbawe makavu. Ya nakshi, ya miimo ya milango na ya mihirabu yalikatwa baharini yakiwa bado hai, kwa sababu jiwe la bahari likiwa bichi linachongeka kwa urahisi, likikauka linakuwa gumu. Mtu alipiga mbizi, akalikata, akalipandisha. Chokaa ilipatikana kwa kupanga matumbawe juu ya rundo kubwa la magogo, kuyachoma, kuyaacha yapoe, kuyamwagia maji yapasuke yawe unga, kisha kuyaacha tena miezi kadhaa yakomae. Boriti zilikatwa watu wakiwa kwenye matope mpaka magotini, katikati ya mbu, kwa saa za maji kupwa tu. Hata majina ya miti hiyo yanakuonyesha jinsi kazi ilivyogawanywa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, vigingi, banaa. Dari ikishawekwa boriti na kokoto, chokaa ilipondwa kwa magongo siku nyingi mpaka ishikane isipitishe maji.

Sehemu kubwa ya jasho hili ilikuwa ya watumwa. Haohao walilima mashamba ya waungwana bara, ng'ambo ya kisiwa, ambako ndiko ilikotoka nafaka iliyolipia kaure na milango. Linda Donley-Reid, mwanaakiolojia aliyezichunguza nyumba za Lamu, aliandika mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba nyumba ya mawe ilikuwa chombo cha mamlaka. Mpangilio wake ulimweleza kila mtu mahali pake: nani anaishia dakani, nani anafika ndani, nani analala chini pamoja na bidhaa huku mabwana wakiwa juu kwenye upepo. Mimi nadhani yuko sahihi, na sidhani usahihi wake unaiharibu nyumba. Unatuzuia tu kuisimulia kama hadithi ya hewa safi.

Shahidi mzuri wa mambo haya yote mawili kwa pamoja ni Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 katika jumba la Mtoni na kufa akiitwa Emily Ruete. Kumbukumbu zake, zilizochapishwa Berlin kwa Kijerumani mwaka 1886, zina kurasa ambazo mwandishi yeyote wa baiofilia angezililia. Mto mdogo wa Mtoni ulipita ndani ya eneo la jumba kabla ya kumwagika baharini. Uani walizurura tausi, paa, mbuni, korongo na bata, na watoto waliwachokoza. Kulikuwa na roshani ya duara iliyotazama bahari, na baba yake, Sayyid Said, alitembea humo huku na huko akiwa na mawazo yake. Maji, ndege, bahari, michungwa. Kisha, katika kitabu hichohicho, kuna sura ambayo Salme anautetea utumwa. Anawalaumu Wazungu kwa kuukomesha bila kuuelewa, anawasema watumwa kwa uvivu. Aliandika akiwa Ujerumani, mjane, hana fedha, mbali na joto la kwao, na moyo wake bado ulikuwa Mtoni. Ukisoma kurasa za ndege na ukaruka sura ile, umesoma nusu ya nyumba.

Utumwa ulipokosa nguvu ya sheria Unguja mwaka 1897, na pwani ya Kenya mwaka 1907, nyumba za mawe zilianza kufa taratibu. Watu huwa wanasema zilikufa kwa sababu bandari ya Mombasa na reli vilivuta biashara, na ni kweli. Lakini ukuta wa chokaa ni kama mtoto, unataka mkono kila wakati: kupakwa upya, kuzibwa nyufa, dari kupondwa tena, boriti iliyoliwa na mchwa kubadilishwa. Mikono ile ilikuwa imejikomboa. Usam Ghaidan, msanifu majengo aliyetoka Iraq, na James de Vere Allen wa makumbusho ya Lamu walipopima na kuchora nyumba hizi katika miaka ya 1970, mtaa wa Mkomani ulikuwa na nyumba nyingi zilizobaki magofu yanayoota miti. Bila michoro yao tungekuwa tunabahatisha mengi. Urithi wa dunia ulikuja baadaye: Mji Mkongwe wa Unguja mwaka 2000, Lamu mwaka 2001.

Mikono ile ilikwenda wapi? Mingine ilijenga nyumba zake. Na hapa ndipo naona historia za usanifu zinapoharakisha mno, kana kwamba nyumba ya udongo na makuti ni kitu cha kupitwa njiani kuelekea kwenye nakshi. Kusini mwa mji wa Lamu, Langoni, na katika vijiji vyote vya pwani, watu wasio na mawe walijenga kwa fito, udongo na makuti, na nyumba zao zilikuwa baridi pia. Makuti hayahifadhi joto. Kati ya ukuta na paa pana nafasi, na upepo unaingia bila kupiga hodi. Mvua juu ya makuti ni mnong'ono. Ukitaka kujua thamani ya mnong'ono huo, lala chini ya mabati usiku mmoja wa masika. Nyuma kuna ua, mti wa kivuli, jiko, kuku, wanawake wanasukana. Mbele kuna baraza ambayo haikuhitaji cheo kukaliwa.

Tena nyumba hii ndiyo mama. Mark Horton alipochimba Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980, alikuta chini ya msikiti wa mawe misikiti mingine ya miti na udongo, mmoja juu ya mwingine, ikirudi nyuma mpaka karne ya 8. Nyumba za mawe za mji huo zilikuja karne nyingi baadaye, muda si mrefu kabla mji kuhamwa katika karne ya 15. Kumbe ile hadithi ya zamani kwamba nyumba ya pwani ilishushwa na jahazi kutoka Arabuni ikiwa nzima haina miguu. Watu waliishi na upepo kwa fito na udongo kwanza. Walipotajirika ndipo baadhi yao wakaugeuza ujuzi huo kuwa mawe, na mawe yakajua kubagua kuliko udongo.

Kilichozipiga nyumba zote mbili ni sementi. Kiwanda cha Bamburi, karibu na Mombasa, kilianzishwa mwaka 1951, na cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilianza uzalishaji mwaka 1966. Silaumu. Sementi inashika kwa siku moja, haihitaji miezi ya kukomaa, haiungui kama makuti, na hakuna anayepiga mbizi kuikata. Mtu maskini aliyetoka kwenye makuti yanayovuja na kuingia chini ya mabati amepanda daraja, asikwambie mtu. Lakini ukuta mwembamba wa matofali ya sementi chini ya bati, bila ua, unakusanya joto mchana kutwa na kukurudishia usiku. Nyumba yangu ya kupanga Mombasa ni ya namna hiyo, na feni inasogeza tu hewa ya moto kutoka pembe moja kwenda nyingine.

Sementi pia ni adui wa nyumba ya mawe yenyewe. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua: unanyonya unyevu, kisha unautoa. Ukiupiga plasta ya sementi kwa nia njema ya kuuimarisha, unyevu unanasa ndani, chumvi inaula, boriti zinaoza zikiwa zimefichwa, na nje ukuta unaonekana mzima. Majengo makubwa hayakinziki na umri. Beit el-Ajaib, jumba ambalo Sultani Barghash alilijenga Unguja mwaka 1883 kwa nguzo za chuma na roshani za kuvutia upepo wa bahari, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, wakati likifanyiwa ukarabati. Watu wawili walifariki.

Waliofufua nyumba nyingi za mawe za Lamu, hasa Shela, ni wageni wenye fedha. Wamezitengeneza vizuri, nyingine vizuri sana: chokaa halisi, kiwanda chenye mti, darini pana makuti na vitanda vya mchana. Kazi imerudi kwa mafundi wa chokaa na wachongaji wa milango, na ujuzi ambao ungezikwa na wazee umepata vijana. Wakati huohuo bei ya nyumba imepanda mpaka mtu wa Lamu anauza ya babu yake na kwenda kujenga ya matofali pembeni ya mji. Ubaridi umebadilisha mwenyewe, umepata mwenye pesa mwingine.

Na boriti? Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kuiuza nje, na safari za korija kwenda Ghuba zikaisha. Kule wenyewe walikuwa wameshahamia kwenye saruji na viyoyozi. Mwaka 2018 ikaja marufuku ya kukata miti nchini kote, na wakataji mikoko wa Lamu wakakaa bila kazi mpaka amri ilipolegezwa kwao. Sababu za kuilinda ni nzuri: mikoko inazuia bahari isile ufuko, na samaki wanazaliana kwenye mizizi yake. Lakini nyumba yenye dari ya boriti haiwezi kusubiri amri ilegezwe. Boriti ikioza, mwenye nyumba asiyepata nyingine anamwaga zege yenye nondo. Zege haijali mita mbili na nusu. Anaubomoa ukuta wa kati, msana wa tini na msana wa yuu vinakuwa sebule moja pana, mwanga unaingia wote kwa mara moja mpaka mwisho, na jioni fundi anaulizwa kama zile zidaka zinaweza kutolewa ili televisheni ipate mahali pa kukaa.